Sura ya Tisa: Kasha la Alhamisi

Mtu wa nne kumwambia Inspekta "si mimi" asubuhi ile alikuwa mkuu wa chumba cha mitambo, na alisema hivyo kabla hajaulizwa lolote.

"Sijafika huko, mzee," Inspekta alisema. "Nilikuwa naulizia kiti."

Kiti kikatafutwa. Kilichopatikana kilikuwa na gurudumu moja bovu, kila akiegemea kinampeleka upande wa ukutani kama mtu anayemsukuma kwa bega. Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na meza tatu, nyaya zimelala sakafuni kama mtu kamwaga tambi, feni inayonguruma, na saa ya ukutani iliyosema saa tatu na dakika kumi. Pembeni ya kompyuta kubwa palibandikwa kikaratasi chenye neno la siri. Inspekta alikisoma, akalinakili neno lile herufi kwa herufi kwenye daftari lake, akatikisa kichwa.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na tangu saa moja asubuhi alikuwa akizungushwa kwenye hospitali hii. Mapokezi walimtuma utawala, utawala wakamtuma wodini, wodini wakamwambia mambo ya mashine yako huku chini. Kila aliyekutana naye alikuwa na kidole kimenyooka tayari.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Jana, Ijumaa, mtoto wa kike wa miaka minne mwenye kifafa alitakiwa kupewa dawa saa kumi na mbili asubuhi. Hospitali ina programu inayomwambia muuguzi neno moja tu juu ya kila mgonjwa: Toa au Subiri. Saa kumi na mbili ilisema Subiri. Saa moja, Subiri. Saa mbili, Subiri. Saa mbili na nusu kifafa kikampanda mtoto, na kilipomwachia alikuwa hashiki kitu kwa mkono wa kushoto. Alikuwa ghorofa ya kwanza sasa, chumba cha mahututi, mama yake kwenye benchi mlangoni.

Daktari mkuu alitaka jina kabla ya saa sita mchana. Jina lilikuwa tayari midomoni mwa watu. Fundi wa programu, mwanamke waliyemwita Mama Pacha, alikuwa ameigusa programu Jumatano. Alhamisi ikajengwa na kuwashwa upya. Ijumaa mtoto akaumia. Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa nje, dereva wake anasinzia.

"Nieleze hiyo mashine," Inspekta alimwambia mkuu wa chumba.

Watu walimwita huyo Kamusi, kwa sababu ukimuuliza neno moja anakujibu kwa kumi na mawili. Akakohoa, akajiweka sawa.

"Kimsingi, Inspekta, programu yetu imeandikwa kwa lugha ya vitendakazi, nasi huijenga na kuiendesha ndani ya imeji, ambayo ni mazingira yaliyotengwa, yanayojitosheleza, yenye…"

"Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu ni mhandisi."

"Basi kama unamweleza mama yangu mimi."

Kamusi akafikiri. Ilimwuma kuyaacha maneno yake, ungeona. "Ni kasha," alisema mwishowe. "Kasha lililofungwa. Ndani mna programu na kila inachohitaji. Tunalijenga kwa kufuata faili la maelekezo, mstari kwa mstari. Likishajengwa ndiyo imeji. Ukiiwasha ikaanza kazi, hiyo ndiyo kontena. Ukitaka, unalitupa, unajenga lingine kwa maelekezo yaleyale, unapata kitu kilekile."

"Kilekile?"

"Kilekile kabisa."

"Sasa kama ni kilekile, hapa tunalia nini?"

Kamusi akasema kile ambacho Inspekta alikuwa ameshakisikia mara tatu. "Aliyegusa mwisho ndiye."

"Mlete aliyegusa mwisho."

Mama Pacha aliletwa na mlinzi wa getini, ambaye hakujua amshike mkono au asimshike, akawa anatembea ubavuni mwake kama mtu anayemsindikiza mgeni. Macho ya Mama Pacha yalikuwa mekundu ila sauti yake ilikuwa kavu.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Ulibadilisha nini Jumatano?"

"Rangi ya kitufe."

"Rangi."

"Ndiyo. Masista walilalamika Toa na Subiri zinafanana ukitazama haraka. Nikaifanya Subiri iwe nyekundu. Hii hapa." Akageuza kioo cha kompyuta. Kulikuwa na mistari miwili, mmoja uliotolewa na mmoja ulioingizwa badala yake. "Toka programu ianze kazi, miezi kumi na mmoja, hilo ndilo badiliko pekee. Ilikuwa inafanya kazi, hakuna aliyeigusa."

"Kamusi, kuna kingine alichobadilisha?"

"Kwenye kumbukumbu hakuna," Kamusi alikubali shingo upande. "Lakini hawa watu wa vitendakazi wana mambo yao, huwezi jua…"

"Mambo yetu ni hivi," Mama Pacha alimkatiza, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu mwenye kazi yake. "Programu hii haikumbuki ya jana, haibahatishi, haina siku mbaya. Unaipa vitu viwili: saa mgonjwa aliyopewa dawa mara ya mwisho, na saa iliyopo sasa. Inajibu. Ukiipa vilevile mara elfu, itajibu vilevile mara elfu. Ndiyo maana tuliichagua lugha hii kwa mambo ya dawa."

"Jana ilijibu tofauti."

"Basi ilipewa tofauti."

Inspekta akaandika maneno hayo matatu, akayapigia mstari. Ilikuwa sentensi ya kwanza tangu asubuhi iliyokuwa na maana.

"Hiyo saa ya mara ya mwisho, nani anaiingiza?"

"Sista wa zamu."

Sista wa zamu aliposhuka alikuwa na daftari kwapani na hasira mkononi. Hakungoja kuketi.

"Mnaniitia nini tena? Nimeshasema kwa daktari mkuu, nimeshasema kwa matroni, nimeshasema kwa yule bwana wa bima. Niseme na kwa mwenye duka la nje?"

"Nionyeshe tu ulichoandika, dada."

Akalibwaga daftari mezani. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyechapwa vidole shuleni. Mtoto alipewa dawa saa nne kamili usiku. Inspekta akamwambia Kamusi afungue kumbukumbu ya mashine. Saa nne kamili usiku. Zilifanana.

"Kila baada ya saa nane," Inspekta alihesabu kwa vidole. "Saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ulikuwa unajua dawa imefika?"

"Nilijua! Mtoto gani nisimjue?" Sista alivuta pumzi. "Sikiliza, mama. Miezi miwili iliyopita nilimpa mzee mmoja dawa mashine ikisema Subiri. Nikaandikiwa barua ya onyo: mashine iheshimiwe. Jana nikaiheshimu. Leo mnataka kunifunga. Sasa niambieni mapema, nitii au nisitii? Mniandikie kabisa, nibandike pale ukutani!"

Sista akachukua daftari lake, akapanda ngazi akiwa bado anasema peke yake.

Inspekta akaegemea, kiti kikampeleka ukutani, akajirudisha kwa kisigino.

"Mkate ukitoka mbichi," alisema, "kosa ni la unga au la tanuri. Ukibadilisha vyote kwa mpigo hutajua kamwe. Ninyi Alhamisi mlibadilisha vyote. Mna programu ya zamani na programu mpya. Mna kasha la zamani na kasha la Alhamisi. Nataka programu ya zamani ndani ya kasha jipya, na mpya ndani ya kasha la zamani. Mbele ya macho yangu."

"Kasha la zamani nilishalifuta," Kamusi alisema haraka.

"Ulilifuta au ulilizima?"

"Ni… ni yaleyale."

"Si yaleyale," Mama Pacha alisema. "Inspekta, mwambie aorodheshe makasha yote, hata yaliyosimama."

Kamusi alimtupia jicho ambalo lingeweza kukausha nguo. Lakini aliandika amri. Orodha ikashuka kwenye kioo, na mwisho kabisa ikawepo: limesimama, siku mbili.

"Nilidhani nimelifuta," Kamusi alinong'ona.

"Kuanzia asubuhi nakusanya 'nilidhani' tu, nikizipanga zitafika dari. Usiliwashe. Piga nakala kwanza. Hilo lililosimama ni shahidi, na shahidi wangu haguswi."

Nakala ikapigwa. Ilichukua dakika nane, kwa sababu mashine ilijaa, ikabidi kwanza zitolewe picha za sherehe ya mtu fulani, na mtu huyo fulani alikuwa Kamusi mwenyewe. Inspekta aliziangalia picha zikipita, keki baada ya keki, akasaga meno.

Wakamtunga mgonjwa ambaye hayupo. Dawa kila saa nane, alipewa mara ya mwisho saa saba na nusu usiku. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Hata asiyejua kusoma angejua kuwa muda wake umeshapita.

Programu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa kwa miezi kumi na mmoja, ikatiwa ndani ya kasha la Alhamisi.

Subiri.

Programu mpya, ile ya rangi nyekundu, iliyomletea Mama Pacha gari la polisi, ikatiwa ndani ya nakala ya kasha la zamani.

Toa.

Mama Pacha aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kamusi alisema rudia. Wakarudia. Wakarudia mara ya tatu kwa sababu alisihi. Subiri, Toa. Subiri, Toa.

"Unga ni mzima," Inspekta alisema. "Tanuri ndilo bovu. Na tanuri la Alhamisi nani alilijenga?"

"Mimi," Kamusi alisema. "Lakini nilifuata maelekezo! Mstari kwa mstari! Naapa, Inspekta!"

"Sijakataa. Binti, ulisema inapewa vitu viwili. Saa ya mwisho tumeikagua. Na hiyo saa iliyopo sasa, inaitoa wapi?"

Mama Pacha alikuwa ameshaelewa. Rangi ilimtoka usoni. "Inaliuliza kasha."

"Nasi tuliulize."

Kamusi akaandika. Kasha la Alhamisi likajibu: saa kumi na mbili na dakika arobaini na tatu asubuhi. Wote watatu wakainua macho ukutani. Saa tatu na dakika arobaini na tatu.

"Saa tatu nyuma," Mama Pacha alisema. "Liko kwenye saa za dunia, zile za Greenwich. Makasha yote huzaliwa hivyo, mpaka uyaambie yako wapi."

Inspekta alikuwa anaandika, kalamu ikasimama. "Ngoja. Wodi ya watoto wamerudi kwenye daftari tangu jana. Wodi ya wanaume wanatumia nini?"

Kamusi akainamia kibodi.

"Kamusi. Wodi ya wanaume wanatumia nini?"

"Kasha hilohilo."

"Mpaka sasa hivi tunavyozungumza?"

"Daktari mkuu alisema kisizimwe kitu mpaka uchunguzi uishe."

Inspekta alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaenda kujigonga mlangoni. "Yaani mtoto anaumia, mnaandika barua, mnaita bima, mnaita polisi, na sumu mmeiacha kwenye meza ya jirani! Hivi ninyi mna akili za kukopa? Simu! Nipe simu!"

Alizungumza na wodi ya wanaume kwa nusu dakika, akiwa amesimama, kwa sauti ambayo mlinzi wa getini alisema baadaye aliisikia bila simu. Achaneni na mashine, shikeni daftari, hesabuni kwa vidole. Wagonjwa sita walikuwa wamecheleweshewa dawa. Hakuna aliyeumia. Mmoja, mzee wa kisukari, alikuwa amelalamika tangu alfajiri na akaambiwa anasumbua.

Alipokata simu alikaa juu ya meza, kwa kuwa kiti hakutaka kukiona tena.

"Haya. Maelekezo."

Faili la maelekezo lilikuwa na mistari kumi na minne. Walisoma pamoja, mmoja mmoja, Inspekta akiuliza kila mstari unafanya nini. Huu unaleta kasha kubwa lenye vyombo vya kujengea programu. Huu unaijenga. Huu unaleta kasha dogo la kuendeshea. Huu unaihamishia humo. Walifika wa kumi na nne. Hakuna hata mmoja uliotaja saa.

"Lakini kasha la zamani lilijua saa," Inspekta alisema. "Na lilijengwa kwa karatasi hiihii. Kwa hiyo kuna mtu aliingia ndani likiwa linatembea, akalisahihisha kwa mkono, akatoka, na hakuandika popote. Alhamisi likajengwa upya kwa karatasi, na kilichofanywa kwa mkono kikaenda na maji. Nimekosea?"

Kamusi alitikisa kichwa: la.

"Lipekue lile lililosimama. Kila kilichobadilika tangu lizaliwe."

Orodha ilikuwa fupi. Faili la saa za mahali, limebadilishwa Jumapili moja miezi kumi na mmoja iliyopita, saa tisa alasiri. Na kumbukumbu ya amri tatu: kuingia, kuweka saa, kutoka. Aliyeziandika alitajwa kwa jina moja tu, mtumiaji mkuu.

"Huyo mtumiaji mkuu ni nani?"

Kamusi alionyesha kikaratasi chenye neno la siri. "Ni sisi sote. Yeyote. Watu saba, labda wanane, hata waliokwisha kuacha kazi." Uso wake ulikuwa umeanza kupata nuru. "Kwa hiyo haijulikani, Inspekta. Hakuna jina. Ni bahati mbaya ya kiufundi. Dada yetu hapa hana hatia, mimi nilifuata karatasi, sista alitii. Tunafunga."

Simu ya Inspekta ikalia. Daktari mkuu. Akamsikiliza. "Hapana," alisema. "Si badiliko lake la Jumatano, nimelithibitisha mara tatu. Mwambie dereva azime gari. Ripoti nakuletea." Akakata, akaandika mstari wa mwisho, akafunga daftari. "Nenda kwa watoto wako, mama. Umeponea chupuchupu."

Mama Pacha hakuondoka.

"Inspekta, Jumapili ile…"

"We dada," Kamusi alisema polepole, "nenda nyumbani."

"Tulikuwa kwenye majaribio. Nilikuwa kwangu, mashemeji wamejaa sebuleni. Huyu mzee akanipigia, akasema orodha iko nyuma kwa saa tatu, masista wanacheka. Nikaingia kwa kompyuta yangu, nikaweka saa, nikatoka. Hata chai haijapoa. Nikasema Jumatatu nitaiandika kwenye maelekezo. Jumatatu ikawa inafanya kazi vizuri. Kitu kikishafanya kazi vizuri unakisahau."

"Na mimi nilikuandikia ujumbe wa kukushukuru," Kamusi alisema, akijishika kichwa. "Ungenyamaza tu. Kwa nini usinyamaze?"

Inspekta alilifungua tena daftari, kama mtu aliyechoka mpaka kwenye kucha. "Nilikuwa nimeshafunga. Unaelewa? Mashine haina jina lako. Hakuna ambaye angekujua, mpaka kaburini. Una kichwa cha namna gani wewe, mwanangu?"

"Yule mama yuko kwenye benchi tangu jana," Mama Pacha alisema. "Ataambiwa ilikuwa bahati mbaya ya kiufundi. Hayo si maneno ya kumpa mtu."

Inspekta akaandika jina. Chini yake akaandika na la Kamusi, aliyeomba saa iwekwe, kisha naye akasahau. Kisha akamwamuru Mama Pacha akae kwenye kompyuta, auandike mstari unaokosekana, kasha lijengwe upya, liulizwe saa. Likaulizwa. Likajibu saa nne na dakika ishirini. Ukutani, saa nne na dakika ishirini. Hakuna aliyefurahi.

Walipanda ngazi wote watatu. Mama wa mtoto alikuwa amevua viatu, miguu imevimba. Mama Pacha hakukaa. Alimweleza akiwa amesimama, bila maneno ya Kamusi, tangu Jumapili ile mpaka Ijumaa. Kwamba hakuna aliyekusudia. Kwamba lilikuwa suala la mstari mmoja, na aliyetakiwa kuuandika alikuwa yeye.

Mama wa mtoto alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Huo mstari," aliuliza, "kuuandika unachukua muda gani?"

"Nusu dakika, mama."

"Nusu dakika ni sekunde thelathini."

"Ndiyo."

Mama wa mtoto akaanza kuhesabu. Alihesabu kwa sauti, taratibu, akimtazama machoni. Moja. Mbili. Tatu. Kamusi alitaka kusema kitu, Inspekta akamkanyaga mguu. Kumi na moja. Kumi na mbili. Muuguzi aliyekuwa anapita na sinia alisimama, hakujua kwa nini. Ishirini na nane. Ishirini na tisa.

Alipofika thelathini akanyamaza, akavaa viatu vyake, akarudi ndani kuushika ule mkono wa kushoto.